Mwalimu wa Kipaimara kawaambia watoto Waislamu wanamwabudu Mungu huyu huyu wetu. Nifanyeje?

Mzazi_wa_Watatu: Tumsifu Yesu Kristo. Wakuu, wiki nzima usingizi sina. Mwanangu yuko darasa la Kipaimara. Mwalimu wao wa dini, mzee aliyefundisha miaka mingi, kawaambia watoto kwamba Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja, huyu huyu tunayemwabudu sisi. Wazazi wamechachamaa, wanataka aondolewe. Barua kwa Paroko ninayo mkononi. Niipeleke au niache?

Katekista_Mstaafu: Milele na milele, amina. Alichosema hakukitunga yeye. Soma Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 841. Soma na Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya dini nyingine, la 28 Oktoba 1965, namba 3. Mtaguso unasema Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja aliye hai. Tofauti nayo haikufichwa: Yesu hawamkiri kuwa Mungu, wanamheshimu kama nabii, na mama yake Bikira wanamheshimu. Sasa barua yako itamshtaki kwa kosa gani?

Binti_wa_Rozari: Mimi niliolewa na Mwislamu kwa kibali cha Askofu. Nilipopoteza mimba ya kwanza, mama mkwe alikaa nami usiku kucha akinisimulia jinsi Mariamu alivyoshikwa na uchungu chini ya mtende, kama ilivyo kwenye sura ya 19 ya Kurani. Kwetu sikuwahi kuisikia habari ile. Hakuniomba nibadili dini. Alinishika mkono tu. Samahani, najua hukuuliza hili.

Mlinzi_wa_Imani: Mapadre wa siku hizi wanaogopa kusema ukweli. Peleka barua!

Mzazi_wa_Watatu: Ya Mtaguso nayafahamu, Katekista. Ila watoto wa miaka 13 watachanganyikiwa. Na simsingizii mtu, ushahidi wa sauti ninao.

Swali_Moja: Sauti imetoka wapi? Ina urefu gani? Nani mwingine anayo?

Mzazi_wa_Watatu: Mwanangu alirekodi. Sekunde 38. Niliiweka kwenye kundi la wazazi.

Katekista_Mstaafu: Kumbe waliochachamaa umewachachamaza wewe.

Mzazi_wa_Watatu: Nia yangu ilikuwa njema. Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa inampa mlei haki ya kusema.

Katekista_Mstaafu: Kwanza awaambie wachungaji wake, tena kwa kulinda heshima ya watu. Wewe umeanza na kundi la wazazi. Geuza kurasa ufike kanuni ya 220, inakataza kuharibu jina jema la mtu bila haki. Na Mathayo 18 inasema nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Ulikwenda?

Mzazi_wa_Watatu: Sikwenda. Ni mkubwa kwangu, ningeanzaje?

Swali_Moja: Mnakumbuka Regensburg, Ujerumani, Septemba 2006? Papa Benedikto XVI alitoa hotuba ndefu juu ya imani na akili, ikasafiri nukuu moja tu, ya mfalme wa kale wa Bizanti aliyeusema vibaya Uislamu, dunia ikawaka. Mwezi Novemba alisimama kimya akitafakari ndani ya Msikiti wa Buluu, Istanbul. Ndiyo maana nauliza: hizo sekunde 38 zinaishia kwenye neno gani?

Jicho_Kavu: Wakuu, tunachezewa. Akaunti ni ya jana, na kila akibanwa anatoa kipande kipya. Huyu anataka Wakristo na Waislamu tutukanane humu. Wasimamizi, fungeni uzi.

Mlinzi_wa_Imani: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Msafiri_wa_Alfajiri: Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, nimesoma tangu mwanzo. Uzi uwe wa kweli au wa kutunga, mzee huyo ametusema vizuri mbele ya watoto na sisi hatukuwepo. Ningependa ajue kwamba nimemshukuru.

Jicho_Kavu: Kama yupo.

Mzazi_wa_Watatu: Yupo. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wazazi wenzangu wanaijua. Swali_Moja, nimekwepa swali lako, najibu sasa. Zinaishia kwenye "lakini". Sauti nzima ni dakika 6. Niliikata mimi. Baada ya hapo anasema: lakini sisi tunamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu, wao hawamkiri, rafiki yako usimfiche hilo, na dini yake usiitukane. Nilidhani mwanzo unatosha kuonyesha hatari. Jumamosi hakuja kufundisha. Watoto walikaa saa nzima, wakarudi nyumbani.

Katekista_Mstaafu: Ee Mungu wangu.

Binti_wa_Rozari: Iweke sauti nzima kwenye kundi lile lile, leo. Kisha uende kwake. Kwa miguu yako, simu haitoshi.

Mzazi_wa_Watatu: Wataniuliza nani aliikata.

Binti_wa_Rozari: Watakuuliza, ndugu yangu. Na mwanao atakuwa anasikiliza utakachojibu.

Mzazi_wa_Watatu: Yuko hapa pembeni. Ndiye anayenitafutia ile sauti.