Mjadala: Labour waing'ang'anie bendera ya England au waiache?

Mwanzisha mada
Wadau, kwanza tukubaliane maneno, maana Kiswahili chetu hapa kinatuponza. Mtu wa London, wa Glasgow na wa Cardiff, wote kwetu ni "Mwingereza" tu. Ukimwita hivyo Mskoti utaijua hasira yake. Kwa hiyo nitasema Uingereza kwa Muungano mzima, na England kwa ile tunayoiona kwenye mpira, yenye bendera nyeupe na msalaba mwekundu.

Hoja yangu: wale wa chama cha Labour cha Uingereza waliitupa wenyewe bendera hiyo, sasa wanailia ikiwa mikononi mwa wengine. Novemba 2014, siku ya kupiga kura katika uchaguzi mdogo wa Rochester, Emily Thornberry, wakati huo waziri kivuli wa Labour, alirusha mtandaoni picha ya nyumba iliyotundikwa bendera za England, nje kuna gari jeupe la kazi. Hakuandika tusi lolote, jina la mji tu. Jioni ile ile alijiuzulu. Ukiona picha bila maneno inamtoa mtu kwenye cheo, ujue chama kilishakuwa na sifa hiyo: chama cha watu wanaoicheka bendera ya mtaani. Septemba 2025, kwenye mkutano mkuu wa Liverpool, wajumbe wao walipeperusha bendera ukumbi mzima. Wamechelewa, lakini mimi nawaunga mkono.

Kipanga
Mkuu, wewe unaishi huku kweli? Mimi niko Birmingham. Agosti 2025 bendera zilianza kupanda kwenye nguzo za taa, na hapakuwa na Kombe la Dunia la soka wala Euro. Hata vipilefti vidogo vikapakwa msalaba mwekundu. Natoka shifti ya usiku alfajiri, natembea chini ya bendera kama ishirini hivi mpaka nyumbani, na najiuliza nani anaambiwa nini.

Bendera ya dirishani kwako ni yako. Ya kwenye nguzo ya barabara ya wote ni habari nyingine. Wapo waliotundika kwa roho safi, sikatai. Jirani yangu fundi bomba katundika, na ndiye anayenisukumia gari likigoma. Lakini tarehe 13 Septemba zaidi ya watu 100,000 waliandamana London kwa mwito wa Tommy Robinson, yule mwanaharakati wa mrengo mkali wa kulia anayepinga wahamiaji, na kitambaa kilikuwa kile kile. Nizitofautishe kwa harufu?

Mwanzisha mada
Ndiyo maana nasema wasiiache! Ukiiacha, anayebaki nayo ni yule unayemwogopa.

Mzee wa Forodhani
Vijana, mnaangalia kitambaa, nyumba hamuioni. Uskoti na Wales zina mabunge yao tangu 1999. England, yenye zaidi ya asilimia 80 ya watu wa Uingereza, haina. Mambo yake yanaamuliwa Westminster, kwenye Bunge la Uingereza nzima, na wabunge wa pande zote. Tam Dalyell, mbunge wa Labour kutoka Uskoti, aliliuliza jambo hili tangu 1977, mabunge hayo yakiwa bado ni mpango tu: vipi mbunge wa Uskoti apige kura kuhusu shule za England, na wa England asiwe na sauti kwa shule za Uskoti?

Januari 2004 serikali ya Labour iliupitisha mswada wa kupandisha ada za vyuo vikuu vya England kwa tofauti ya kura 5, na kura za wabunge wao wa Uskoti ndizo zilizouvusha. Mwaka 2015 chama pinzani chao, Conservative, wakaweka utaratibu wa kuwapa wabunge wa England turufu kwenye mambo ya England peke yake. Mwaka 2021 wakaufuta wao wenyewe, na sikumbuki aliyetoa chozi. Hao ndio wazalendo wenu.

Sie tuliokulia kwenye Muungano wa Tanzania wenye serikali mbili tunaijua kesi ya mwenza mkubwa asiye na nyumba yake…

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee. Nakuomba tusiende Dodoma, tutalala huko.

Mzee wa Forodhani
Marahaba. Nimegusa tu, nimeondoa mkono.

Binti wa Likoni
Nyote mnazunguka swali lenyewe. Hata Labour wakiivaa bendera mpaka kwenye soksi, nani ndiye mtu wa England? Mwaka 1990 Norman Tebbit, mwanasiasa wa Conservative, alileta kipimo chake cha kriketi: mhamiaji unashangilia timu gani? Kilikuwa kipimo cha dharau, lakini angalau ungeweza kukifaulu. Sasa wapo wanaotaka kupima damu ya ukoo.

Mwone Rishi Sunak. Baba mzaliwa wa Kenya, mama mzaliwa wa Tanganyika, yeye kazaliwa Southampton, kawa waziri mkuu. Mwanzoni mwa 2025 watu wakakaa wakabishana kama ni mtu wa England. Yeye alisema ndiye, bila kusita. Suella Braverman, ambaye baba yake pia katoka Kenya na yeye kazaliwa London, akaandika kwamba yeye ni Mwingereza wa Muungano lakini wa England hatakuwa. Hao wawili walikaa baraza moja la mawaziri, bwana!

Na Keir Starmer wa Labour huyo mnayemshangilia, Mei 2025 akiwa waziri mkuu alionya kwamba Uingereza inaweza kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Mwezi uliofuata akajutia maneno yake. Chama kinachoomba radhi kila baada ya hotuba hakijajua bendera inamfunika nani.

Kipanga
Hapo kwa Saka pia. Fainali ya Euro, Julai 2021, Rashford, Sancho na Saka, wachezaji weusi wa England, walikosa penalti, na kabla ya usiku kwisha walishatukanwa rangi zao. Dakika 120 walikuwa wa England.

Mama Pacha
Jamani, mimi nawaletea makaratasi. Kwenye sensa ya 2011, England na Wales, asilimia 57.7 walijitaja kuwa wa England pekee. Mwaka 2021 ni asilimia 14.9. Nilidhani uzalendo umekufa, kumbe kwenye fomu za England kisanduku cha "British" kilihamishiwa juu kabisa, na watu wengi wakaweka tiki hapo. Ndiyo maana nikisikia mwanasiasa anasema "watu wa England wanataka hivi", namuuliza: wa fomu ipi?

Halafu kuna jambo lililoniuma mwaka ule nikiijaza ya kwetu. Swali la taifa lilimruhusu yeyote kuchagua England. Nikafika swali la kabila na rangi: neno hilo lipo kwenye kisanduku cha weupe tu. Kwa weusi unapewa "British", Karibi au Afrika. Pacha wangu, waliozaliwa Coventry na wana jezi ya England kila mmoja, niliwatia tiki ya England ukurasa mmoja, na ukurasa uliofuata nikawatafutia pa kuwaweka.

Mwanzisha mada
Mama Pacha, hilo sikulijua. Ngoja nirudi nalo kesho.