Ekstenda imeshika Wi-Fi ya ruta lakini intaneti haiji (Ngamiani, Tanga)

Dada_Barabara10:
Asalaam aleykum wakuu. Naomba msaada wa setingi za ekstenda (kifaa cha kurefusha Wi-Fi ya ruta). Nyumba ni ya Kiswahili ya hapa Ngamiani: korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, kisha ua na vyumba vya nyuma. Ruta ni ya laini ya 4G, ipo dirishani chumba cha mbele kwa sababu hapo ndipo mnara unashika. Ekstenda iko kwenye soketi ya mwisho ya korido, karibu na mlango wa uani.

Taa ni ya kijani, nywila inakubali, ila simu inaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Nikitumia Wi-Fi ya ruta yenyewe, kila kitu kinafunguka. Nikiwa kwenye ekstenda simu inaonyesha IP (anwani yake kwenye mtandao) 192.168.1.102, lango (kifaa cha kupitia kwenda nje) 192.168.1.1. Nikiandika 192.168.1.1 kwenye brauza unafunguka ukurasa wa ekstenda, si wa ruta. Kuirudisha kwenye setingi za kiwandani hakujasaidia.

Fundi_Chumbageni:
Waaleykum salaam dada. Hapo kwenye 192.168.1.1 ndipo penye ugonjwa. Vifaa viwili vina anwani moja. Simu inaomba 192.168.1.1 iitoe nje, ekstenda inaitika kwanza, na ekstenda haina laini, basi safari inaishia hapo. Isitoshe DHCP yake (huduma ya kugawa anwani) imewaka, kwa hiyo inagawa anwani na kuiambia kila simu kwamba lango ni yenyewe. Taa ya kijani inathibitisha tu kwamba imeshikana na ruta kwa mawimbi. Haisemi lolote kuhusu anwani.

Fuata mpangilio huu, usiuruke. Kwanza zima data ya simu, la sivyo simu ikiona Wi-Fi haina intaneti itakimbilia bando na ukurasa wa setingi hautafunguka. Ingia kwenye ruta kupitia Wi-Fi yake, tafuta sehemu ya DHCP, uandike inagawa anwani kuanzia ipi hadi ipi.

Kisha hamia Wi-Fi ya ekstenda, fungua ukurasa wake, nenda sehemu ya LAN (mtandao wa ndani). Badilisha IP yake iwe 192.168.1.250, maski (inayoonyesha sehemu ya anwani iliyo ya mtandao) 255.255.255.0, lango na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) zote 192.168.1.1. Nimechagua 250 ili iwe nje ya zile zinazogawiwa na ruta, isije ikapewa simu ya mtu. Namba tatu za mwanzo lazima zifanane na za ruta, ukiweka 192.168.0.250 hazitaonana kabisa. Hifadhi, isubiri iwake upya, halafu ingia tena kwa 192.168.1.250.

Sasa ndipo uzime DHCP Server ya ekstenda. Ukiizima kabla ya kubadilisha anwani, utahangaika kuupata ukurasa wake. Ukijifungia nje hata hivyo, ipe simu IP ya mkono (unaiandika mwenyewe) 192.168.1.50, urefu wa kiambishi 24 (ndiyo maski ileile), ingia urekebishe, kisha irudishe simu kwenye DHCP.

Mwisho, kwenye simu bonyeza Sahau kwenye mtandao wa ekstenda, uingie upya. 192.168.1.1 ikifungua ukurasa wa ruta, umemaliza.

Mkwakwani_Net:
Fundi amesema kweli. Naongeza moja: baadhi ya ekstenda zina chaguo la Auto kwenye DHCP. Wengi huliacha, mimi sishauri kwenye mtaa ambao umeme hukatika. Umeme ukirudi, ekstenda inaweza kuwaka kabla ya ruta, ikakosa wa kuigawia anwani, ikaanza kugawa za kwake. Simu zikishazishika, mnarudi palepale. Zima kabisa DHCP ya ekstenda.

Soketi hiyo pia naitilia shaka. Ekstenda haizalishi intaneti, inarudia inachokisikia. Ikisikia vibaya itarudia vibaya, hata kama vyumba vya nyuma vinaona mistari yote. Shika simu iliyo kwenye Wi-Fi ya ruta, simama kwenye soketi, pima kwa programu inayoonyesha dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Ni namba hasi: -60 ni nzuri, ikishuka chini ya -70 sogeza ekstenda mbele, katikati ya korido. Usiiweke nyuma ya friji wala kando ya mlango wa bati, maana chuma hurudisha mawimbi. Tumia 2.4 GHz kwa kuunga na ruta, inapenya ukuta wa tofali kuliko 5 GHz, na kwenye ruta chagua chaneli 1, 6 au 11. Kasi itapungua hadi karibu nusu kama ekstenda inapokea na kutuma kwa redio hiyohiyo moja. Hiyo si hitilafu.

Dada_Barabara10:
Shukrani sana. 192.168.1.1 sasa inafungua ruta na simu za uani zina intaneti. Soketi ilisoma -76, nimeihamishia katikati. Kimebaki kitu kimoja: jioni watu wakirudi, kompyuta mpakato inakataa, inaonyesha IP 169.254 na namba nyingine. Ruta inagawa 192.168.1.100 hadi 192.168.1.109.

Fundi_Chumbageni:
169.254 maana yake kompyuta imeomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Ruta yako ina nafasi kumi tu. Simu za siku hizi hutumia MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya kubuni, tofauti kwa kila jina la Wi-Fi, kwa hiyo simu moja ikizunguka kati ya jina la ruta na jina la ekstenda inaweza kula nafasi mbili.

Panua iwe 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, 250 ya ekstenda itabaki nje. Muda wa kukodisha anwani, kama umeandikwa sekunde 86400 (saa 24), ushushe hadi 7200 (saa 2) ili za waliotoka zirudi mapema. Kisha ipe ekstenda jina lilelile la Wi-Fi ya ruta, nywila ileile na usalama uleule wa WPA2. Zima ruta, iwashe, isubiri ipate mtandao, ndipo uichomeke ekstenda.

Dada_Barabara10:
Kompyuta imepata 192.168.1.114 na kurasa zinafunguka. Allah awalipe.