PE (somo la mazoezi ya mwili) imegeuka hesabu na breki watoto wamekatazwa kukimbia, nifanyeje?

MamaWawili_Ksm
Wazazi wenzangu habari za jioni. Niko Kisumu upande wa Manyatta, kijana wangu yuko gredi 4. Kilichonishtua ni soksi. Zamani zilikuwa zinarudi rangi ya udongo mpaka nazisugua na brashi, saa hii hata Ijumaa zinarudi vile nilizifua. Nikamuuliza, kumbe PE kwa taimtebo iko lakini hiyo saa mwalimu anaingia na kitabu cha hesabu, na breki wameambiwa ni kutembea tu juu kuna mtoto alianguka kwa kabro, yale matofali ya uwanjani, akavunjika jino. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kwa basi amekaa, darasani amekaa, jioni basi tena, akifika ni homuwaki. Sasa huyu anacheza saa ngapi? Usiku anagaagaa tu kitandani usingizi haukuji. Naogopa nikienda shuleni wataona namsumbua mwalimu. Mliopitia hii mlifanya nini?

Baba_Shabab
Pole mama. Huku Nakuru ilitupata pia. Usiende peke yako, sisi tulienda wazazi sita siku ya ripoti fomu, hatukulaumu mtu, tukauliza tu PE inafanywa siku gani. Ilibidi hedi ticha atuite ofisini.

Ticha_Bungoma
Mimi ni mwalimu, nikuambie ukweli. PE inaibiwa kwa sababu sisi tunaulizwa alama za mwisho wa term, hakuna anayetuuliza watoto wamekimbia mara ngapi. Lakini hata ikifanywa vizuri somo lenyewe ni dakika 35, na WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili angalau dakika 60 kila siku, kwa hivyo mama pigania hiyo breki kwanza. Mimi niko na watoto 58, baada ya lanchi nikiona macho yamelegea nawasimamisha kando ya dawati tunaruka na tebo ya saba, ruka saba, ruka kumi na nne, mpaka themanini na nne, wanakaa wakihema na kazi inaandikwa. Asubuhi kabla jua kuwa kali tunazunguka madarasa mbio dakika 15 na yunifomu zao hizo hizo. Hiyo ya mbio ilianzia Scotland 2012, mwalimu mkuu Elaine Wyllie wa shule ya St Ninians mjini Stirling, na hakuna vifaa vya kununua.

Nyar_Nyalenda
Na wasichana jamani msiwasahau. Wangu alikuwa anakaa chini ya mti breki nzima juu ya sketi, akiruka inapanda vijana wanacheka. Nilimnunulia baika ya kuvaa ndani, wiki hiyo hiyo akarudi kwa bladda, ule mchezo wa kuruka mpira wa kuvutika.

MamaWawili_Ksm
Asanteni sana, Mwalimu Mungu akubariki. Nimeongea na mama wawili tunaongoja nao basi steji moja, Alhamisi tunaenda kwa mwalimu wa darasa. Tutaomba kwa kabro iwe kamba na bladda, wa kukimbia na wa kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, waende ule upande wa nyasi karibu na tangi. Kijana ameshafunga mpira wa kati na soksi kuukuu, anataka kuubeba kesho, nimemwambia angoje Alhamisi ipite.