Leaf ya 2011 kijijini, itanifaa kweli?

Wakuu, nimepata gari la umeme, Nissan Leaf ya 2011, betri ile ya 24 kWh, mjini kwenda na kurudi ni kilomita 70 na vilima juu, si nitaachwa njiani?

— Hata ikiwa mpya ilihesabiwa kama kilomita 117 tu kwa chaji moja, na betri haina mfumo wa kuipooza, joto linaila taratibu. Hesabu vile vimistari vya afya ya betri kwenye dashibodi, vinatakiwa 12.

— Mimi ninayo, nachomeka soketi ya kawaida usiku kucha, sheli nimeisahau. Ila umeme ukikatika usiku wa manane ndo basi tena, kesho unatembea kwa miguu 😂

— Vimebaki 9 wakuu 😬

— Mwambie ashushe bei.