Mrejesho: Kile kitabu cha dunia mbili nimekipata

Wiki iliyopita niliulizia riwaya ya dada aliyefiwa na mchumba, ambaye kila akimeza kidonge cha usingizi anajikuta kwenye dunia nyingine, mchumba yu hai. Ni The Two Lives of Lydia Bird ya Josie Silver, ya mwaka 2020. Asanteni sana mlionielekeza.

Nimeimaliza jana usiku, nimelia. Freddie anafariki kwa ajali ya gari siku Lydia anatimiza miaka 28. Jonah, rafiki yao tangu shuleni, alikuwamo garini akapona. Urafiki wake na Lydia unageuka mapenzi taratibu mno, maana hatia inawabana wote wawili. Hapo ndipo mwandishi aliponikamata. Nami nimewahi kufiwa. Ningepewa kidonge kile, ningekimeza.