Maharamia wa anga kwenye katuni zetu: wapande jahazi au wapande nini?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Naleta hoja iliyotugawa kikundini tangu tuanze kuchora hadithi ya katuni ya kisayansi. Hadithi yenyewe iko kwenye njia ya mizigo kati ya Dunia na asteroidi. Meli zinabeba barafu na madini, safari moja inachukua miaka, na maharamia wanavizia njiani. Sasa tumekwama kwenye meli ya maharamia: iwe na sura gani ili msomaji akifunua ukurasa, moyo umruke?

Wenzangu wawili wamechora chombo chenye umbo la jahazi. Omo, yaani sehemu ya mbele, imechongoka, tanga la pembetatu, macho mawili pande za omo, bendera nyeusi kileleni. Mkono wao naukubali, mchoro unavutia. Lakini napinga usitumike kwa maharamia, na nitaeleza sababu zangu bila kuficha.

Kwanza, historia ya pwani hii. Jahazi lilikuwa chombo cha biashara: lilikuja na kaskazi, likarudi na kusi, limebeba tende, chumvi, boriti, vyombo vya udongo. Waliokuja na mizinga walipanda kitu kingine. Mwaka 1498 msafara wa Vasco da Gama ulikamata chombo cha watu karibu na Malindi pamoja na mali iliyokuwamo. Mwaka 1502 aliilazimisha Kilwa kutoa dhahabu, mizinga ikiwa imeelekezwa mjini. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaipora na kuichoma Mombasa. Mtu wa Kilwa wa siku zile angeulizwa chombo cha kutisha kina umbo gani, angechora merikebu yenye ngome mbele na nyuma. Asingechora jahazi la shemeji yake.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: picha ya chombo cha haramia imeshaua watu. Novemba 2008 manowari ya India iliizamisha meli ya uvuvi ya kampuni ya Thailand kwenye Ghuba ya Aden kwa kudhani ni meli mama ya maharamia, yaani ile kubwa inayobeba boti zao ndogo, kumbe wavuvi wenyewe walikuwa mateka humo ndani, na wengi walipotea. Februari 2012 askari wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta waliwapiga risasi wavuvi 2 wa India karibu na pwani ya Kerala wakidhani wanashambuliwa. Anayeshika bunduki juu ya meli kubwa ana sekunde chache za kuamua mashua ile ni ya nani, na anaamua kwa picha aliyonayo kichwani. Sisi wachoraji ndio tunaozijaza picha hizo vichwani mwa watu. Sitaki mtoto wa Pemba ajifunze kwenye katuni yetu kwamba tanga la pembetatu maana yake hatari.

Tatu, ufundi. Maharamia hawajengi meli, wanaiba. Meli maarufu ya haramia Blackbeard, Queen Anne's Revenge, ilikuwa meli ya Kifaransa ya kubebea watumwa aliyoiteka mwaka 1717 na kuiongezea mizinga. Kwa hiyo chombo chenye mabawa ya popo na meno, kilichong'aa kama kimetoka kiwandani jana, kinasema uongo. Nani alikijenga? Kwa pesa ya nani?

Pendekezo langu ni hili. Wachukue meli ya kawaida kabisa ya kubeba barafu, ile ambayo msomaji ameshaiona kurasa kumi nyuma ikiwa na wapishi wake na picha za watoto ukutani. Namba ya usajili imechomwa. Rangi ya kampuni imekwanguliwa nusu. Viraka ubavuni kila kimoja kina rangi yake, maana kimetoka kwenye meli nyingine ambayo haikufika nyumbani.

Halafu kuna joto, na hapa sayansi inatupa zawadi. Angani hakuna hewa ya kukipoza chombo, joto linatoka kwa mnururisho tu, yaani kwa miali. Ndiyo maana Kituo cha Kimataifa cha Anga kina paneli kubwa nyeupe za kutolea joto. Meli yenye joto inaonekana kutoka mbali kwa darubini za joto. Haramia anayetaka kujificha itabidi azime injini na azikunje paneli zake, na akizikunja watu wake wanaanza kuiva ndani. Wanavumilia saa kadhaa gizani, jasho linawatoka, mpaka meli ya mizigo ifike karibu. Ndipo paneli zinafunguka zote kwa mpigo, zimekolea wekundu wa joto, kama fira anapotanua shingo. Huo ndio ukurasa ninaoutaka. Meno ya nini tena?

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, kwa paneli za joto nakupa mkono. Kwa jahazi hatuko pamoja hata kidogo.

Unasema jahazi lilikuwa la biashara tu. Bahari hii haijawahi kuwa na malaika upande mmoja na mashetani upande wa pili. Miaka ya 1580 Mir Ali Bey alikuja na vyombo vyake vya Kituruki, miji mingi ya pwani ikampokea kwa furaha kwa sababu alikuwa adui wa Mreno. Mreno akamwita haramia. Walimkamata hapa hapa Mombasa mwaka 1589. Sasa huyo wewe utamchora kwenye merikebu ya nani? Na hao wa Somalia wa juzi, walikuwa wakiteka majahazi na kuyafanya meli mama ili wafike mbali baharini. Hiyo si kashfa, ndivyo ilivyokuwa.

Langu kubwa lakini ni hili. Vyombo vyetu vimebaki kwenye kadi za watalii: machweo, tanga jeupe, mnazi pembeni. Vimekuwa pambo. Kijana wa Old Town akitaka kuchora kitu chenye nguvu, kinachofanya watu wanyamaze, anachora chombo alichokiona kwenye filamu ya Marekani. Mimi nataka achore mtepe. Chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, omo ndefu imeinuka kama shingo, macho yamechorwa, tanga la mkeka la pembe nne. Ukiuona mtepe ule ukikujia peke yake gizani kati ya nyota, utaogopa, na utajua umeogopeshwa na kitu cha kwenu. Kumnyima mtoto chombo cha kutisha kilicho chake ni kumnyima pia.

Na tanga si ndoto. Mwaka 2010 Wajapani walirusha IKAROS, chombo chenye tanga la mraba la mita 14 kila upande, jembamba kuliko unywele, kikasukumwa na mwanga wa jua na kupita karibu na Zuhura mwaka huo huo. Kwa hiyo wenzako wawili wana sayansi upande wao.

Mchangiaji, Mafia

Nyote wawili mnazungumzia chombo kimoja kikubwa. Huku kwetu hofu haikuja hivyo. Wasakalava wa Madagaska walivuka bahari kwa makundi ya mitumbwi yenye matengo, midogo, imelala chini majini, huioni mpaka imeshafika. Mji wa Kua kwenye kisiwa cha Juani waliuangamiza takriban mwaka 1829. Magofu yapo mpaka leo, na wazee bado wanasimulia.

Hata hao wa Somalia. Novemba 2008 waliiteka Sirius Star, meli ya mafuta yenye urefu wa mita 330, maili zaidi ya 400 kutoka Mombasa. Waliipanda kutoka kwenye boti ndogo. Kilichotisha ni ngazi yenye kulabu. Chora boti ishirini ndogo zisizo na taa na ngazi moja ndefu, halafu meli kubwa iwe mawindo. Mnatafuta umbo la kutisha, lakini mtu anayeiona ngazi ile inanasa kwenye ukingo wa meli yake hana haja ya kuuliza umbo.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi nafanya kazi ya uchapaji, nitasema la kazini tu. Viraka vya rangi kumi kwenye karatasi ya bei nafuu, wino mweusi peke yake, havitaonekana. Vitakuwa doa. Kabla hamjagombana zaidi, jazeni kila mchoro weusi mtupu, muupunguze mpaka uenee kwenye ukucha wa dole gumba, mumwonyeshe mtu asiyejua hadithi. Akikutofautishia meli ya maharamia na ya mizigo, mmepata. Wa mleta mada, kwa jinsi alivyoueleza, utashindwa, kwa sababu meli zote mbili zina umbo moja. Avunje ulinganifu: paneli tatu kushoto, moja kulia, imepinda. Hilo wino unalibeba. Wa jahazi utafaulu bila shida, na hapo ndipo ugumu wa mada hii, maana umbo zuri kuliko yote ndilo mnalobishania kama ni halali.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Fundi wa uchapaji, paneli tatu kwa moja nimeichukua leo leo. Wa Mafia, ngazi inaingia, na boti zinaingia.

Kaka wa Mombasa, nimekusoma mara mbili. Hoja yako ya kijana wa Old Town ni nzito na siwezi kuipita. Lakini umenisaidia bila kutaka, ulipotaja tanga. Nguvu ambayo mwanga wa jua uliisukuma nayo IKAROS ilikuwa kama sehemu moja ya elfu ya nyutoni. Ni kidogo mno, ila ni bure na haikatiki. Chombo cha namna hiyo kinamfaa nani? Haramia anahitaji kukimbia, kufika ghafla, kutoweka. Tanga linamfaa mwenye mzigo usioharibika na subira ya miaka, ambaye hataki kununua mafuta. Barafu haiozi. Huyo ni nahodha wa jahazi anayengoja kaskazi.

Kwa hiyo mtepe tunauweka, mkubwa, katikati ya ukurasa wa kwanza, na ni wa wabeba barafu. Hadithi ni yao. Kisha maharamia wanauteka mmoja. Tanga wanalikata, wanafunga injini tatu za wizi upande mmoja, paneli zimepinda, na omo ile ndefu inabaki na macho yake. Msomaji anaifahamu shingo ile, ameipenda kwa kurasa kumi, sasa inakuja vibaya. Hapo kijana wako amepata chombo cha kutisha cha kwao, na mtoto wa Pemba hajafundishwa kuliogopa tanga, kwa sababu kinachotisha ni kukosekana kwake.

Mchangiaji, Mombasa

Nimekubali chombo. Tanga kukatwa, nimekubali pia, ingawa bado naona unawaonea huruma wasomaji kupita kiasi.

Ila angalieni msije mkashinda kwenye meli mkapoteza kwa watu. Nahodha wa maharamia akivalishwa kilemba na kikoi, halafu wabeba barafu wote wako na ovaroli za fundi, hoja yako yote ya wavuvi wa Kerala imekwenda na maji, hata meli iwe na umbo gani. Na akiwa mtu asiye na kwao, asiye na lugha, atakuwa kikaragosi. Mimi nataka awe mbeba barafu wa zamani aliyeachwa bila mshahara na kampuni yake, anaongea Kiswahili safi kuliko wote humo ndani. Leteni mchoro wake tuuone kabla hamjapaka wino kwenye meli.