Mgonjwa anapewa morfini akilia tu, na ndugu hawataki aambiwe: nianze na lipi?

Mhudumu wa Jamii
Habari zenu wadau wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Namfuatilia nyumbani mama mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa. Kapewa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, 5 mg katika kila 5 ml, anywe 5 ml kila baada ya saa 4. Mabinti zake wanampa akilia tu. Wanasema mwili ukiizoea haitafaa kitu maumivu yakizidi. Leo siku ya tano hajapata choo. Na mwanawe mkubwa amekataza mtu yeyote kumwambia kwamba hatapona.

Muuguzi Shufaa
Anza na maumivu, dada. Anayeumia hawezi kuzungumza habari za wosia.

Morfini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4. Wakisubiri alie, maumivu yameshapanda na dozi ileile haitoshi, ndipo wanaamini mwili umeizoea. Wabandikie ratiba ukutani: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku apewe mara mbili, yaani 10 ml, alale mpaka asubuhi. Maumivu yakichomoza katikati, 5 ml ya ziada, na ile ya ratiba ibaki palepale. Kila ya ziada iandikwe daftarini, maana ndiyo atakayoitazama daktari akitaka kupandisha dozi. Wapime kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Kichefuchefu na usingizi vya mwanzo huisha baada ya siku chache. Kufunga choo hakuishi, kwa hiyo bisakodili, dawa ya kufungua choo, ilitakiwa ianze siku moja na morfini, 5 mg usiku. Kwa sasa achunguzwe kwanza kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa. Kama tumbo limevimba na anatapika, msimpe dawa ya kufungua choo. Huenda utumbo umeziba, apelekwe hospitali.

Tabibu wa Wilaya
Naongezea la figo, linasahaulika sana. Saratani hii ikikua hubana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikichoka, mabaki ya morfini hurundikana mwilini: mkojo unapungua, usingizi unakuwa mzito, misuli inashtukashtuka, anaona vitu visivyokuwepo. Ukiona hayo piga simu kliniki siku hiyohiyo. Kwa kawaida dozi hupunguzwa na kuachanishwa, iwe kila baada ya saa 6 au 8. Familia isiikatishe ghafla kwa uamuzi wake.

Mshauri wa Familia
Huyo mwana mkubwa usimwendee na lawama. Kaa naye pembeni, muulize anaogopa nini. Mara nyingi jibu ni kwamba mama atakata tamaa. Mwombe ruhusa ya jambo moja: kumuuliza mama anavyouelewa ugonjwa wake. Muahidi hutamwambia asichouliza, na mweleze palepale kwamba akiuliza hutamdanganya.

Kwa mama: “Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?” Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata dakika nzima. Wagonjwa wengi wanajua, ila wanawaficha watoto kama watoto wanavyowaficha wao. Akiuliza kama atapona, mrudishie kwa upole: “Nini kimekufanya uulize leo?” Ukishamsikiliza, sema wazi: “Ugonjwa hatuwezi kuuondoa tena. Maumivu tunayaweza, na tutaendelea kuja.” Usitaje miezi. Usiseme hakuna cha kufanya, kwa sababu si kweli.

Hapo hufuata madeni, amana za watu, nani abaki na wajukuu, azikwe wapi. Kama ni Mwislamu, shekhe aitwe mapema, maana wasia hauvuki theluthi ya mali na haumwendei mrithi. Uandikwe saa ambazo maumivu yametulia na hajasinzia, mbele ya mashahidi wasiorithi chochote, la sivyo kuna ndugu atakayedai mama alikuwa amelewa dawa.